Lugha ya Mikutano ya Sheria na Tamaduni: Hoja Kutoka Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Kila mwaka wanasheria, wanaanthropolojia na watetezi wa haki za binadamu hukutana katika miji mbalimbali ya dunia kujadili uhusiano uliopo baina ya sheria ya kimataifa na tamaduni za watu. Matangazo ya mikutano ijayo hutolewa miezi mingi kabla, nayo hutaja mada, tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri, ada ya ushiriki na lugha ya majadiliano. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachosomwa kwa haraka zaidi, kwani jibu lake linajulikana: ni Kiingereza, na pengine Kifaransa. Makala hii inatoa hoja kwamba kipengele hicho ndicho kinachoamua ni nani atakayesikilizwa na ni nani atakayesemewa, na kwamba mkutano unaojadili tamaduni za watu pasipo lugha yao hauwezi kuitwa mkutano wa tamaduni.

Mfano unaotumika hapa ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Wilaya hizi ziko mbali na kumbi za mikutano, lakini mambo yake yamefika mara nyingi katika mahakama na mijadala ya kimataifa kwa sababu tatu: dhahabu, hifadhi ya wanyama na ukeketaji. Wakurya wa Tarime wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Katika Wilaya ya Serengeti wapo Wakurya pia, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, lakini ndiyo lugha wanayokutana nayo sokoni, shuleni na mbele ya hakimu.

2.0 Mgodi mmoja, lugha mbili

Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililouhusu mgodi huo. Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani kwa hatua hiyo na akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hivyo, shauri lililohusu mgodi wa Tarime lina nafasi yake katika historia ya Kiswahili cha sheria nchini Tanzania.

Hata hivyo, mgodi huohuo una historia nyingine ya kisheria iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Mwaka 2013 wanakijiji waliodai fidia kwa vifo na majeraha yaliyotokea mgodini walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya kampuni ya African Barrick Gold na kampuni yake tanzu. Shauri hilo lilimalizwa mwaka 2015 kwa makubaliano nje ya mahakama. Mwaka 2022 wanakijiji wengine walifungua shauri dhidi ya kampuni ya Barrick Gold katika jimbo la Ontario, Kanada. Novemba 2024 mahakama ya huko iliamua kwamba shauri hilo halikustahili kusikilizwa Ontario. Mashauri haya yamekuwa mada ya wasomi wa sheria ya kimataifa, kwani yanagusa swali la wajibu wa kampuni mama kwa matendo yanayotokea ugenini.

Swali la lugha halijapewa uzito kama huo. Mlalamikaji wa Nyamongo anaposema kwamba anataka haki yake, neno haki lina upana ambao lugha za Ulaya huugawa katika maneno mawili: lile analostahili mtu kupewa, na uadilifu wenyewe unaopaswa kutendeka. Mfasiri analazimika kuchagua mojawapo. Akichagua la kwanza, dai linakuwa la fidia. Akichagua la pili, linakuwa la ukweli na uwajibikaji. Makubaliano ya nje ya mahakama yanaweza kulijibu la kwanza na kuliacha la pili bila kuguswa. Mjadala wa kitaalamu usioliona jambo hili utahesabu shauri kuwa limekwisha wakati kwa mwenye neno lake bado liko nusu.

3.0 Barabara iliyojadiliwa Arusha

Mfano wa pili unatoka Wilaya ya Serengeti. Mwaka 2010 shirika la Africa Network for Animal Welfare, lenye makao yake Nairobi, lilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga mpango wa Serikali ya Tanzania wa kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kati ya Mugumu na Loliondo. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba ujenzi wa barabara ya lami katika eneo hilo ungekiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikauzuia.

Uamuzi huo hutajwa katika mijadala ya sheria ya mazingira kuwa ni ushindi wa hifadhi, na kwa upande wa ikolojia hoja zake zina nguvu. Lakini wadaawa walikuwa wawili: shirika na Serikali. Mkulima wa Mugumu aliyetazamia njia ya kupeleka mazao sokoni hakuwa mdaawa, na ibara ya 46 ya Mkataba wa Jumuiya inasema kwamba lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Ibara ya 137 ya Mkataba huohuo inataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Kwa hiyo Mkataba uliipa lugha ya raia kazi ya kuwasiliana, na lugha nyingine kazi ya kuamua. Haidaiwi hapa kwamba uamuzi ungekuwa tofauti kama ungeandikwa kwa Kiswahili. Linalodaiwa ni kwamba wanaoathiriwa nao wangeweza kuusoma, kuubishia na kuutumia.

4.0 Neno moja la Kikurya na maneno mawili ya sheria

Suala la tatu ndilo zito kuliko yote, kwani linahusu miili ya wasichana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inaitaka kila nchi mwanachama kuipiga marufuku desturi hiyo. Pamoja na hayo, miaka ya misimu ya ukeketaji inapofika, bado wasichana wa Tarime na Serengeti huzikimbia nyumba zao na kutafuta hifadhi katika vituo vya usalama.

Zipo sababu nyingi za sheria kutotosha, zikiwemo mahari, heshima ya ukoo na kauli ya wazee wa mila. Sababu moja ni ya kiisimu. Katika Kikurya neno esaaro hutumika kwa wavulana na kwa wasichana, nalo hutaja zaidi ya ukataji: linahusu kuvuka kutoka utotoni na kuingia katika utu uzima. Kiswahili kina maneno mawili. Tohara lina asili ya Kiarabu na linabeba maana ya usafi. Ukeketaji linatokana na kitenzi keketa, yaani kukata kwa kitu kisicho na makali, na linabeba lawama. Sheria imechagua neno la lawama kwa wasichana, na imefanya vema, kwani neno la usafi lingeficha madhara. Lakini uchaguzi huo haukuambatana na maelezo. Msikilizaji wa Kikurya asiyepewa maelezo anaweza kusikia mambo mawili yasiyo sahihi: kwamba sheria inazungumzia jambo jingine wasilolitenda wao, au kwamba inapiga marufuku esaaro yote, pamoja na heshima ya kuwa mtu mzima.

Tatizo kama hilo lipo katika neno mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka afikishe miaka 18. Katika jamii ambayo utoto huishia kwenye sherehe, wala si kwenye tarehe ya kuzaliwa, msichana aliyekwisha kukeketwa anaweza kuhesabiwa kuwa mtu mzima aliye tayari kuolewa. Sheria na mila hutumia neno moja na kuhesabu watu tofauti.

Mkutano unaofanyika Geneva au New York unaweza kutoa azimio zuri juu ya suala hili. Azimio hilo litafanya kazi pale tu litakapofika kijijini likiwa katika maneno yaliyopimwa. Ibara ya 17 ya Itifaki ya Maputo inawapa wanawake haki ya kushiriki katika ngazi zote za kuamua sera za utamaduni. Ngazi zote haziwezi kuwa na lugha moja ambayo mhusika mkuu haijui.

5.0 Mapingamizi na majibu

Inaweza kudaiwa kwamba ukalimani ni ghali, na kwamba sayansi inahitaji lugha moja. Gharama ipo. Hata hivyo, Arusha yenyewe imekwisha kuonyesha thamani ya kazi hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015, iliendesha shughuli zake kwa Kiingereza na Kifaransa, huku mashahidi wengi wakitoa ushahidi kwa Kinyarwanda. Katika hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ililazimika kuchambua maana za maneno kama Inyenzi na Inkotanyi, pamoja na maneno ya Kinyarwanda yanayotaja ubakaji, kwa msaada wa mwanaisimu Mathias Ruzindana. Hukumu hiyo, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, ilipitia katika semantiki ya lugha ya Kibantu. Ikiwa mahakama ilimhitaji mwanaisimu ili itende haki, mikutano inayofundisha sheria hiyo haina sababu ya kumwacha nje.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba Kiswahili nacho ni lugha ya wenye mamlaka kwa Mkurya au Mngoreme, na kinaweza kumfunika kama Kiingereza kinavyomfunika Mswahili. Hoja hii ina ukweli, na mfano wa esaaro unaithibitisha. Lakini kutoka Kingoreme hadi Kiingereza cha mahakama ni safari ndefu, na Kiswahili ndicho kituo kilicho katikati, chenye walimu, mahakimu na wakalimani wanaojua pande zote mbili. Kukiruka kituo hicho hakuifupishi safari.

6.0 Hitimisho

Mazingira ya sasa yanaruhusu hatua kuchukuliwa. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Heshima hizi zitabaki kuwa za jukwaani iwapo wasomi hawatazitumia kudai mambo matatu. Kwanza, waandaaji wa mikutano ya sheria na tamaduni inayohusu Afrika Mashariki wapokee ikisiri na makala za Kiswahili, na watoe muhtasari wa maazimio yao kwa lugha hiyo. Pili, idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya sheria kutunga orodha za istilahi ambazo, kabla ya kuchapishwa, zimejaribiwa mbele ya wasemaji wa lugha za jamii, wanawake na wasichana wakiwemo, wala si wazee wa mila peke yao. Tatu, uamuzi wowote wa mahakama ya kikanda unaohusu ardhi, hifadhi au miili ya watu utolewe pia kwa Kiswahili, ili mtu wa Mugumu au Nyamongo aweze kuusoma bila kumtegemea msemaji.

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheria ya kimataifa imekuwa mgeni wa Tarime na Serengeti kwa miaka mingi sasa. Mwenyeji hawezi kupona kwa ujio wa mgeni ambaye maneno yake hayaelewi.