Cheti cha Ukutani

Matokeo ya KCSE yakitoka, saiba yetu hapa Kakamega hujaa kuliko steji. Mimi ndiye ninayejaza fomu za vyuo. Nimezijaza miaka 6, na katika miaka 4 ya kwanza nilishiriki wizi. Sikumdanganya mtu kwa mdomo. Nilinyamaza tu, nikapokea shilingi 200 zangu, nikaita anayefuata.

Mama mmoja alikuja kutoka upande wa Shinyalu na bintiye. "Mwanangu, huyu anataka kuwa bwana afya," akaniambia. Sote tunamjua bwana afya. Ndiye anayeingia hotelini akauliza mpishi amepimwa lini, anayechungulia choo cha shule, anayeweza kukufungia biashara kipindupindu kikibisha hodi. Sheria anayotembea nayo, ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921. Ni kazi yenye heshima na msichana alikuwa na sababu ya kuitaka.

Mama alikuwa na karatasi ya rangi kutoka chuo fulani cha kibinafsi. Diploma, afya ya jamii, ajira ya haraka, nafasi zinafungwa Ijumaa. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Nikajaza fomu, nikaiprinti, nikamtakia kila la heri.

Baada ya miaka 3 binti alirudi kuskani vyeti vyake apeleke maombi ya kusajiliwa. Wiki chache baadaye akarudi tena, safari hii hana cha kuskani. Kozi yake haitambuliwi. "Lakini niliona cheti cha serikali ukutani kwa ofisi yao," akasema.

Alikiona kweli, na hapo ndipo penye ujanja wote. Mwaka 2013 Kenya ilipata sheria mbili ambazo mzazi wa kawaida hana njia ya kuzitenganisha. Moja iliunda mamlaka ya vyuo vya kiufundi, TVETA, inayokipa chuo kibali cha kuwa chuo. Nyingine iliunda Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma, linalomsajili mhitimu na kumpa leseni ya kufanya kazi. Chuo kinaweza kuwa na karatasi ya kwanza, halali kabisa, yenye muhuri, na bado kikamtoa mwanafunzi ambaye Baraza halimjui. Karatasi hiyo huwekwa kwenye fremu juu ya kiti cha mhasibu. Mzazi anaiona akihesabu noti, moyo unatulia.

Nimesikia watu wazima, wengine walimu, wakisema mzazi angeuliza. Angeuliza nini? Ili uulize kama kozi imekubaliwa na Baraza, lazima kwanza ujue kwamba kuna Baraza. Hakuna aliyemwambia. Chifu hakumwambia, shule haikumwambia, na mimi niliyeketi mbele ya kompyuta yenye intaneti siku nzima sikumwambia. Sisi tunaouza habari za kozi, wenye saiba, mawakala, wanaobandika mabango ya vyuo kwenye nguzo za stima, tumezoea kusimamia mlangoni. Tunaeleza alama za kuingilia, karo, tarehe ya kuripoti. Mtoto akishaingia, shughuli yetu imekwisha. Lakini mtu hauzi ng'ombe ili mtoto aingie chuo. Anauza ng'ombe ili mtoto atoke na kazi.

Majina nayo yanasaidia wanaotaka kupotosha. Afya ya umma, afya ya mazingira, afya ya jamii: kwa masikio ya mwananchi ni kitu kimoja, na anayechapisha karatasi za rangi anajua hivyo. Tangu serikali izindue wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mwaka 2023, nimepata wazazi wanaotaka diploma ili mtoto apewe ule mkoba wenye vifaa vya kupimia presha. Wahamasishaji wanachaguliwa na wanakijiji wenzao, na wanacholipwa ni posho. Hakuna diploma inayohitajika. Huyo naye alikuwa tayari kulipa karo ya miaka 3!

Halafu ajira. Karatasi husema serikali inaajiri, kana kwamba kuna dirisha moja Nairobi. Afya iligatuliwa na Katiba ya 2010, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 ndizo zikawa mwajiri mkuu. Bwana afya wa Malava au Butere huajiriwa kupitia bodi ya utumishi ya kaunti, nayo hutangaza nafasi bajeti ikiruhusu. Kwa hiyo hata mwenye leseni halali anaweza kungoja sana. Hilo si siri ya serikali, ila sijawahi kuliona kwenye bango.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu alinikemea. Alisema, "Unawakatisha watoto tamaa." Nikamjibu kwamba hapa hapa mjini tuna KMTC na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kile ambacho wazee bado wanakiita WECO, na mtu anaweza kutembea hadi getini akauliza bila kulipa senti. Simzuii mtoto asisome. Namwambia aulize kabla ng'ombe hajatoka zizini. Mwalimu akasema mimi si mshauri wa wanafunzi. Ni kweli, sina cheti cha ushauri. Lakini mwenye cheti hicho alikuwa wapi siku ile?

Yule binti siku hizi anauza chapati na madondo upande wa Lurambi. Amepimwa, amelipia cheti cha afya cha wauza chakula, anakiweka kwenye mfuko wa plastiki kisiloe mafuta. Bwana afya akipita anakitoa. Ananifahamu, na nikinunua kwake ananiongezea supu, jambo ambalo sijui nilistahili vipi.

Miaka 2 iliyopita nilibandika karatasi juu ya mashine ya kuprinti, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Kozi hii, Baraza gani linaisajili? Umewauliza Baraza wenyewe, si chuo? Nani aliyemaliza mwaka juzi, na anafanya kazi wapi? Bosi hakuipenda. Anasema inafukuza wateja, na hasemi uongo: wengine husoma, wakasita, wakaondoka na fomu haijajazwa. Ameniambia niitoe mara mbili.

Wiki jana mzee mmoja alisimama mbele yake muda mrefu, kofia mkononi, akisoma kwa kunong'ona. Kisha akaniomba kalamu na kipande cha karatasi, akayanakili maswali yote 3, akatoka. Bosi aliniuliza kama amelipa. Nikamwambia hapana.