Kuwatia Vifaranga Wageni Bandani



Nyumba nyingi za Waislamu huku kwetu Mbezi Luis zina banda la kuku uani. Mtu hununua vifaranga kumi wa mwezi mmoja, akafika nao jioni, akawatia moja kwa moja kati ya mitetea wa zamani, kisha akaenda kuswali Magharibi akidhani kazi imekwisha. Kesho yake hukuta wawili wamekufa na wa tatu ametobolewa kichwa. Hapo huwalaani kuku wakubwa kwa ukatili wao. La, ndugu yangu! Kuku hana dhambi. Mwenye kuulizwa ni mwenye banda.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul An-aam, aya ya 38, ya kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Na kila umma una mpango wake. Mtaalamu wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza mwaka 1922 jinsi kuku wa banda moja wanavyojuana nani mkubwa wa nani: huyu humdonoa yule, na yule humdonoa aliye chini yake. Aingiapo mgeni, mpango huo hutikisika, na kila mmoja humdonoa amwonyeshe mahali pake. Kifaranga hana nguvu za kushindana, wala bandani hana pa kukimbilia.

Basi yafaa kufuata taratibu hii.

Kwanza, watenge. Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe penye wazima. Wageni wakae mbali wiki mbili au zaidi, nao wachanjwe mdondo. Chanjo ya TEMEVAC hutengenezwa papa hapa Tanzania, nayo ni tone moja tu jichoni.

Pili, waonane kabla ya kugusana. Gawa banda kwa wavu, wala usiuondoe mpaka vifaranga wawe na manyoya kamili na kimo cha kuwakaribia wakubwa, yaani umri wa miezi mitatu hivi. Chakula chao kiwe mbali, kwani kile cha kuku watagao kina chokaa nyingi, nayo hudhuru figo za kifaranga.

Tatu, siku ya kuwachanganya, watie wote pamoja, si mmoja mmoja, usiku wakubwa wakiwa wamekwisha lala. Weka chakula na maji mahali patatu, na maficho ya matofali au tenga. Kulipokucha, kaa uwaangalie. Kudonoana kidogo hakukosi. Lakini atokaye damu mwondoe upesi, kwa sababu kuku wakiona wekundu humwandama mpaka wamwue.

Ama vifaranga wa siku moja, ukiwa na kuku anayeatamia, wapenyeze usiku chini ya mbawa zake. Akiwakubali, atawalinda kuliko wavu.

Enyi vijana, kazi hii aghlabu ni yenu. Mmesoma habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kifaranga aliyefungiwa pamoja na wenye kumwua, naye ni amana iliyopotezwa. Na mwenye kujifunza kumwekea nafasi mnyonge bandani, hatashindwa kumwekea nafasi yatima aletwaye nyumbani kwao kati ya watoto waliokwisha kuzoeana.

Wallahu aalam.