Kuua seli maabara si kutibu saratani

Habari kwamba magome ya mti fulani yameua seli za saratani maabara husomwa na wengi kana kwamba dawa imeshapatikana, na magome huanza kuuzwa kabla utafiti haujaendelea. Hata jiki huua seli hizo. Kinachotafutwa ni kigumu zaidi: kemikali itakayoua seli za saratani kwa kiwango ambacho ini, figo na uboho wa mgonjwa vitakistahimili. Magome ya mti wa yew wa Marekani yalikusanywa kwa uchunguzi mwaka 1962. Dawa iliyotokana nayo, paklitaseli, iliruhusiwa kutibu saratani ya ovari mwaka 1992. Sehemu kubwa ya miaka hiyo 30 ilitumika kuitenga kemikali, kuelewa inavyozuia seli kugawanyika, na kupima kiasi anachoweza kukihimili binadamu.

Shimba Hills, Kwale nchini Kenya, kuna funzo kali zaidi. Katika miaka ya 1970 takriban tani 27 za mmea wa jamii ya Maytenus zilivunwa huko kwa ajili ya utafiti wa Wamarekani kuhusu kemikali yake iitwayo maitansini. Maabara, kemikali hiyo iliua seli za saratani kwa ukali wa kushangaza. Kwa wagonjwa, madhara yake yalizidi faida. Miaka mingi baadaye wanasayansi waliifanyia marekebisho na kuiunganisha na kingamwili inayoifikisha kwenye seli za aina fulani ya saratani ya matiti, na dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013. Anayechemsha mmea huo nyumbani hunywa sumu isiyo na wa kuielekeza.

Wapo watakaosema kwamba waganga wa tiba asili wametumia magome kwa vizazi. Elimu yao inastahili heshima, na watafiti wanaoifuata wanapaswa kuwapa waganga sehemu ya faida kwa mkataba. Lakini uzoefu hufundisha vizuri pale matokeo yanapoonekana upesi, kama homa inaposhuka. Uvimbe wa ndani huweza kuendelea kukua hata maumivu yakipungua. Wengine husema maskini asiyemudu hospitali hana cha kupoteza. Anacho: ile miezi ambayo saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi bado inatibika. Serikali zetu zigharamie upimaji wa sumu na utengaji wa kemikali katika maabara kama za Muhimbili nchini Tanzania na KEMRI nchini Kenya, na mtafiti anayetangaza kwamba magome yameua seli za saratani atakiwe kusema, katika tangazo hilohilo, yamezifanya nini seli zenye afya.