Shahidi mpe kalamu achore

Leo ya mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Hivi wewe ukishuhudia ujambazi ukaitwa kituoni, unadhani utaeleza ulichokiona, au utaeleza alichokuuliza afande?

Usicheke. Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu ya ajali ya magari. Wengine wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani 'yalipogongana', wengine 'yalipobamizana'. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia 'yalipobamizana', 16 kati ya 50 wakajibu ndiyo. Wenzao wa 'yalipogongana', 7 tu. Na kwenye filamu hakuna kioo kilichovunjika! Neno moja la muulizaji, mtu anaona vioo.

Ndiyo maana namkubali sana mama mmoja wa Uingereza, Coral Dando, aliyekuwa polisi London kabla ya kuingia kwenye saikolojia. Polisi walishafundishwa kumrudisha shahidi kimawazo kwenye tukio kwa maelezo marefu, lakini wengi walikuwa wanaliruka zoezi hilo, eti linakula muda. Mwaka 2009 Dando na wenzake wakaeleza njia ya mkato: mpe karatasi na kalamu, achore mahali pa tukio huku anasimulia. Mlango huu hapa, kaunta ile pale. Siyo sura ya jambazi jamani, hata kama mbuzi wako anafanana na meza, poa tu! Waliochora walikumbuka karibu sawa na wale wa njia ndefu, kwa muda mfupi zaidi, na mambo ya kujitungia yakapungua. Ukichora mlango, mlango wenyewe unakukumbusha nani alisimama pale. Afande hajatia neno.

Kumtambua mtu kwenye gwaride ni shughuli nyingine, mchoro hauwezi yote. Lakini muulize Ronald Cotton wa North Carolina. Alifungwa mwaka 1985 kwa sababu shahidi alimnyooshea kidole, tena bila kudanganya, aliamini kabisa ni yeye. Vipimo vya DNA vikamtoa mwaka 1995. Ujana wote umeishia jela!

Kwetu mtaani ndiyo usiseme, ukiitwa mwizi tu, tairi limeshafika.

Kwa hiyo likitokea la kutokea, kabla hujaanza kupiga stori na waliokuwepo, chukua hata karatasi ya maandazi uchore. Wiki ijayo tunarudi kwenye wivu, barua zenu nimezisoma.