Usiache kazi kimya, dai mushahara wako

Vijana wenzetu wa Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu, mapatroni wengi wanajua kitu kimoja: kijana mwenye diplome akichoka, ataondoka tu na kusema «Mungu ataona». Kimya hicho ndiyo faida yao.

Hauna kontra ya kuandika? Sheria ya kazi ya 2002 inakuruhusu kuonyesha kwa njia zote kwamba ulitumika: mesaji za patroni, daftari ya zamu, wenzako. Chunga hizo kabla ya kutoka, omba hesabu yako kwa maandishi. Akikataa, enda kwa inspekta wa kazi. Bila kupita kwake, tribunali haitakupokea. Usichelewe: haki ya kudai mushahara inakufa kisha mwaka 1.

Twende wengi. Mushahara si zawadi!