Afya si Fadhila ya Mtawala



Ni vigumu kuipata Jumuiya Ndogo Ndogo katika nchi yetu ya Kenya ambayo haijapata kuombwa mchango wa kumtoa mgonjwa hospitalini. Nasema kumtoa, wala si kumtibu, kwa maana mara nyingi matibabu yamekwisha, mgonjwa amepona au amefariki dunia, na kilichobaki ni deni. Mwenye mia hutoa mia, mwenye hamsini hutoa hamsini. Tumelizoea jambo hili hata tunaliita ukarimu, na kweli ni ukarimu. Lakini pia ni ushahidi. Taifa ambalo watu wake hulipa kodi kila wanaponunua sabuni, kisha wakachangiana wenyewe gharama za upasuaji, lina deni kwa watu hao.

Kwa nini deni hilo halilipwi? Jibu tunalopewa kila mwaka ni kwamba fedha hazitoshi. Jibu hilo silikubali. Fedha kweli ni chache, na hakuna nchi yenye fedha za kutosha kwa afya. Kilichotukwamisha kwa zaidi ya miaka ishirini ni uongozi: viongozi ambao ama waliogopa kuwaudhi wenye nguvu, ama hawakuona haja ya kuwasikiliza wanyonge.

Tangu uhuru tulitangaziwa vita dhidi ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 ada za wagonjwa wasiolazwa ziliondolewa katika hospitali za serikali. Mwaka 1966 ikaundwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, ile NHIF tuliyoizoea, kwa ajili ya watu wenye mishahara. Mwishoni mwa mwaka 1989, serikali ikibanwa na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, ada zilirudishwa chini ya jina la kupendeza, "kuchangia gharama". Wagonjwa wakapungua hospitalini, wala si kwa kuwa walikuwa wamepona. Ada zikasimamishwa mwaka 1990, zikarudi tena mwaka 1992.

Basi tuje kwenye mwaka 2004, mwaka ambao vijana wetu hawaukumbuki na wazee wetu wameusahau mapema mno.

Serikali ya NARC iliingia madarakani mwishoni mwa 2002 ikiwa imebebwa na matumaini ya nchi nzima. Waziri wa Afya, Bi. Charity Ngilu, alileta muswada wa bima ya afya ya jamii ambao ungewaingiza wote, tajiri kwa maskini, mwenye mshahara na asiye nao, katika mfuko mmoja. Aliupigania hadharani. Desemba 2004 Bunge likaupitisha. Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Aliurudisha Bungeni, na huko ukafa.

Waliopinga walikuwa nani? Wizara ya Fedha ilisema nchi haiwezi kumudu. Waajiri walihofia mzigo. Kampuni za bima ziliona soko lao likitoweka. Baadhi ya wafadhili walikuwa na mashaka. Sisemi kwamba hoja zao zote zilikuwa za hila. Hesabu za muswada ule zilikuwa na mapengo, na mtu mwenye akili timamu aliweza kuyaonyesha. Lakini pengo la hesabu huzibwa kwa hesabu: huundwa kamati, hutafutwa chanzo cha fedha, hupangwa kuanza kwa awamu. Serikali hiyohiyo ilikuwa imetangaza elimu ya msingi bila malipo Januari 2003, madarasa yakafurika, walimu wakaelemewa, na wala haikungoja kila hesabu ikamilike. Kwa nini ujasiri uliopatikana kwa shule ukakosekana kwa hospitali? Kwa maoni yangu, elimu bila malipo haikumnyang'anya mwenye kampuni kitu chochote. Bima ya wote ingemgusa. Mama aliyejifungulia sakafuni hakuwa na mtu wa kumsemea pale sahihi ilipokuwa ikingojwa. Wenye kampuni walikuwa nao.

Atakayesema jambo hilo halikuwezekana Afrika, na atazame Ghana. Bw. John Kufuor aliingia madarakani huko Januari 2001 akiwa ameahidi kuuondoa utaratibu wa kulipa kwanza ndipo utibiwe. Alipoleta muswada wake, vyama vya wafanyakazi viliandamana na upinzani ukasusia Bunge. Sheria ikapitishwa hata hivyo mwaka 2003. Kodi ya asilimia 2.5 ikawekwa kwenye bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya, na sehemu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi ikaelekezwa hukohuko. Watoto na wazee wakasamehewa ada ya uanachama. Desemba 2004, mwezi uleule Bunge letu lilipopitisha muswada wetu, Waghana walimchagua tena Bw. Kufuor. Mfuko wao una matatizo, na hospitali zao zimelalamika mara nyingi kwamba hucheleweshewa malipo. Lakini wao wanagombana juu ya nyumba iliyojengwa. Sisi kwa muda mrefu tuligombana juu ya kiwanja.

Wala tusidhani kwamba ugumu huu ni wa Waafrika peke yao. Nchini Marekani, Rais Truman aliliomba Bunge lake bima ya afya ya taifa mwaka 1945, akashindwa. Rais Clinton akashindwa mwaka 1994. Rais Obama alipofaulu Machi 2010, baraza la wawakilishi lilipitisha sheria yake kwa kura 219 dhidi ya 212, na Novemba ya mwaka huohuo chama chake kikapoteza wingi wa viti katika baraza hilo. Mageuzi ya afya humgharimu kiongozi anayeyaleta. Ndiyo maana wengi hupendelea kuyaahidi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, iliitambua afya kuwa haki ya kila mtu, na ikasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Papa Yohane wa 23 alikuwa ameiorodhesha huduma ya matibabu miongoni mwa haki za binadamu mwaka 1963, katika waraka wa Pacem in Terris, miezi michache kabla ya uhuru wetu. Katiba yetu ilichukua karibu nusu karne kumfikia. Mwaka 2013 huduma nyingi za afya zikahamia kaunti, na ada za zahanati, vituo vya afya na kujifungua katika hospitali za umma zikafutwa. Desemba 2018 likaja jaribio la afya kwa wote katika kaunti za Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Jaribio likaisha, na watu wa kaunti nyingine wakabaki wakisimuliwa.

Tukafika Oktoba 2023. Safari hii Rais hakukataa kutia sahihi; alitia sahihi sheria nne kwa siku moja, tarehe 19. NHIF ikafutwa, ikaundwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Miswada ilikuwa imefika Bungeni Septemba, na ilichukua wiki chache tu. Waliokumbuka kifo cha mwaka 2004 walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu.

Lakini kupitisha sheria si sawa na kuleta mageuzi. Serikali yenye wingi Bungeni inaweza kupitisha karibu lolote. Uingereza ilipitisha sheria ya huduma ya taifa ya afya mwaka 1946, ikaianza Julai 1948, na katika muda huo wote Waziri Aneurin Bevan alikabiliana na madaktari waliompinga, akabishana nao, akawapa baadhi ya waliyoyataka na kuwakatalia mengine. Kwetu sisi mabishano yalikuja baada ya sahihi. Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria tatu kati ya zile nne zilikuwa kinyume cha Katiba, na moja ya sababu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ukaanza huku wagonjwa, makarani na hata wauguzi wakiulizana ni kadi ipi inayofanya kazi. Mgonjwa wa kusafishwa damu hawezi kungoja mashine ya serikali izoeane na mashine ya hospitali.

Hapa yafaa tutende haki. Kwa mwenye mshahara, sheria mpya ina usawa kuliko ile ya zamani. Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Mwenye shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF. Sasa hukatwa 550. Mwenye shilingi 500,000 alikuwa akikatwa 1,700 tu. Sasa hukatwa 13,750. Mwenye nacho zaidi hutoa zaidi, na Mkristo hana sababu ya kulalamikia hilo.

Kosa liko kwa wale wasio na hati ya mshahara: mama mboga, mwenye bodaboda, mkulima wa mahindi, kibarua wa mjengo. Hao ndio wengi katika parokia zetu. Sheria inawataka wajibu maswali kuhusu makazi na mali zao, wakadiriwe, kisha walipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hazionekani nyingi kwa mtu anayepokea mshahara tarehe 28. Kwa mtu ambaye leo ana mia mbili na kesho hana, ni fedha ambazo hazikai pamoja hata siku moja. NHIF iliwadai watu haohao shilingi 500 kila mwezi, nao wakajiandikisha walipougua na kuacha walipopona. Aliyeandika sheria alikuwa na habari hizo zote mbele yake. Angewauliza akina mama wa sokoni Gikomba au Kongowea wakati muswada ulipokuwa bado karatasi, wangemweleza bure.

Nami nasema kwamba watu hawa wamekwisha kulipa. Hulipa katika unga wa mandazi yao, mafuta ya pikipiki, salio la simu. Mnamo 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika, wetu akiwamo, waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijawahi kuifikia. Fungu la kumlipia maskini lichukuliwe katika kodi iliyokwisha kulipwa, kama Ghana ilivyojaribu, kabla ya kumtuma karani kuhesabu mabati yake.

Wako watakaojibu kwamba kuongeza fedha ni kuwaongezea wezi. Hofu hiyo ina msingi. Agosti 2025 Wizara ya Afya yenyewe ilisimamisha makumi ya vituo kwa madai ya udanganyifu. Lakini wizi ni sababu ya kuwashtaki wezi, na kuchapisha hadharani kila kituo kimelipwa kiasi gani na kwa kazi gani. Haiwezi kuwa sababu ya mama kufia nyumbani.

Ni lazima tuseme pia juu ya hospitali zetu za misheni. Novemba 2024 Maaskofu wetu walilalamika waziwazi kwamba hospitali za Kanisa zinaidai NHIF iliyokwisha kufutwa. Deni hilo si la maaskofu. Ni dawa ambazo hazikununuliwa na wauguzi ambao hawakulipwa kwa wakati katika vijiji ambako hospitali ya misheni ndiyo pekee iliyoko. Serikali ibanwe hadi ilipe. Lakini hatuwezi kuibana kwa dhamiri safi ikiwa mahali popote hospitali yenye jina la mtakatifu inamfungia mgonjwa langoni, au inaishikilia maiti, kwa sababu ya deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwa kushindwa kulipa, walivunjiwa haki zao. Msamaria wa Injili aliacha fedha kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa zilizozidi. Mwenye nyumba naye hakumweka majeruhi rehani.

Uchaguzi Mkuu umewekwa Agosti 2027, na wagombea wataanza kuja kwenye sherehe zetu za jubilei na za kuweka wakfu makanisa wakiwa na bahasha. Viongozi wa Walei msiridhike na bahasha. Waulizeni wabunge: wewe unatibiwa kwa bima ambayo Bunge linakulipia, je, uko tayari kuiacha na kutumia ile uliyotupitishia? Mkulima alipe kwa mkupuo au kwa msimu wa mavuno, nawe utapiga kura upande gani? Deni la hospitali iliyo katika eneo lako ni shilingi ngapi? Waulizeni wawakilishi wa wadi kwa nini zahanati haina dawa. Wala msingoje 2027 kwa hili la mwisho, maana makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Kila parokia iteue watu watatu wa kuhudhuria vikao hivyo, akiwamo angalau mama mmoja asiye na mshahara. Majibu watakayopewa yaandikwe, yatiwe tarehe na jina la aliyeyatoa, yasomwe katika Jumuiya, na nakala ibaki katika ofisi ya parokia.