Resori ngumu si dawa ya kona



Katika magaraji mengi ya Goma kuna dawa moja inayouzwa kwa magari yote. Gari linalala kwenye kona? Ongeza resori. Linagusa mawe kwa tumbo? Liinue kwa vipande vya chuma au vya mpira. Linabeba magunia mengi? Tia vyuma viwili zaidi katika resori za nyuma. Mwenye gari anarudi nyumbani na furaha, kwa kuwa motokari yake imesimama juu na haichezi tena mtu akiisukuma kwa mkono. Anafikiri amenunua usalama. Mimi nasema mara nyingi amenunua kinyume chake, na deni linakuja kulipwa kwetu kwenye dispanseri.

Mnisikie vizuri. Sikatai gari kutengenezwa. Mji wetu umekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipitisha moto wake katikati ya mji mpaka ziwani, na mitaa mingi mpaka leo ni mawe yale yale, makali kama shoka. Ukitoka mjini kwenda Sake ni kama kilomita 25 tu, lakini ukipita Sake kuelekea Masisi mlima unaanza, kona juu ya kona, na mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Waliopanda Kabasha, kati ya Rwindi na Kanyabayonga, hawahitaji kuelezwa kona ni nini. Gari lililoundwa kwa barabara ya lami linahitaji msaada huku kwetu. Ninachouliza ni msaada gani.

Kwanza tujue kazi ya kila kitu. Resori inabeba uzito na kumeza jiwe. Amotisere, ambayo wenzetu wa Uganda na Kenya huiita shokomzoba, inaizuia resori isiendelee kuruka baada ya jiwe kupita. Ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Ukikaza resori na kuacha amotisere iliyokufa, gurudumu linapanda jiwe, linaruka, linatua, linaruka tena. Na gurudumu lililo hewani halipindi kona wala halifungi breki. Mashofere wanajua jambo hili vizuri kuliko mimi: pikapu iliyokazwa resori za nyuma, ikirudi tupu na kuingia kona yenye mashimo, mkia unahama wenyewe. Resori ile imepimwa kwa tani moja, na leo haina kitu cha kubeba. Haikunji tena, inapiga tu.

Kwa hiyo mtu anayesema gari lake halishiki kona, kabla ya kufungua mfuko afanye hivi. Abonyeze kona moja ya gari kwa uzito wa mwili wake wote, halafu aachie. Likipanda, likashuka na kutulia, amotisere ingali hai. Likiendelea kucheza kama kitanda cha watoto, imekufa. Aangalie pia kama mafuta yamevuja juu ya bomba lake, kama mipira midogo ya viungo vya chini imepasuka, kama mipira ya magurudumu ina upepo sawa kulia na kushoto. Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo. Lakini fundi hapendi kuanzia hapo, kwa sababu amotisere nne mpya zina bei, na vyuma viwili vya resori vilivyotolewa katika gari bovu vinapatikana siku hiyo hiyo. Mteja naye anapenda kitu anachoweza kukiona: gari limepanda!

Na kupanda huko ndiko kunakonitia hofu zaidi.

Marekani, wanaopima usalama wa magari wanatumia hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Unachukua upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, unagawanya kwa 2, halafu unagawanya tena kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari, yaani pale mahali ambapo uzito wote ungekaa kama ungekusanywa pamoja. Namba ikiwa kubwa, gari ni gumu kupinduka. Gari dogo la kawaida linapata kama 1.3 hadi 1.5. Sasa tuchukue gari refu la njia mbaya, lenye upana wa mita 1.50 na kitovu chake kikiwa sentimita 68 juu ya ardhi: linapata 1.10. Liinue sentimita 8 kwa resori na vipande vya chuma: linabaki na 0.99. Pakia magunia, halafu weka watu juu ya magunia, kitovu kifike sentimita 85: sasa ni 0.88. Hakuna kilichovunjika katika gari hilo, na limetoka garaji likisifiwa, lakini linaweza kulala kwenye kona ambayo jana lingeipita salama.

Mtu ataniambia: “Muganga, kwenye matope gari linateleza kabla ya kupinduka.” Ni kweli. Linateleza kando mpaka gurudumu likutane na jiwe la lava au ukingo wa mtaro, hapo chini panasimama na juu panaendelea na safari. Magari marefu yanapinduka namna hiyo mara nyingi.

Tena kuna udanganyifu mmoja. Gari laini likiingia kona kwa mbio linalala, abiria wanapiga kelele, shofere anapunguza. Ni onyo. Gari lililokazwa halilali sana, kwa hiyo shofere anaona kila kitu kiko sawa, anatoka kilomita 30 kwa saa anafika 40. Lakini nguvu inayosukuma gari kando haiongezeki kidogo kidogo pamoja na mwendo. Kutoka 30 hadi 40 inakaribia kuwa mara mbili. Onyo limeondolewa na hatari imebaki pale pale. Nimeona pia magari ambayo chuma cha kuzuia gari lisilale, kile kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kimefungwa kwa waya au kimetolewa kabisa eti kinapiga kelele. Basi gari hilo limeinuliwa na kunyang'anywa fimbo yake!

Hata matajiri wa kuunda magari wamefundishwa somo hili. Mwaka 1997 waandishi wa habari wa Sweden walilijaribu gari dogo jipya la Mercedes-Benz, la A-Class, kwa kulipindisha ghafla kama mtu anayemkwepa mnyama njiani. Lilipinduka. Lilikuwa fupi na lenye kimo. Kampuni ilisimamisha kuliuza kwa muda, ikabadilisha resori na viungo vyake, ikatia na kompyuta ya kusaidia breki. Wahandisi wenye vyuo vikubwa na viwanja vya majaribio walilazimika kurudi kupima upya. Sisi tunabadilisha kimo cha gari chini ya mwembe, na jioni tunapakia watu.

Vijana hupenda kunijibu kwa mfano wa Safari Rally. Ni mfano mzuri, tuutazame. Mashindano hayo yalianza Afrika Mashariki mwaka 1953, na Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Magari ya mashindano yale yaliinuliwa na kuimarishwa, sikatai. Lakini yaliimarishwa yote pamoja: resori, amotisere, mikono ya magurudumu, breki. Mafundi walingoja njiani na vipuri. Ndani mlikuwa na watu wawili waliofungwa mikanda. Hakuna aliyekaa juu ya gunia la mchele akishika kamba kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine.

Kama unataka mwalimu wa karibu, mtazame kijana wa chukudu. Pale kwenye ronpoint tumemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu, lakini hatujifunzi kwake. Chombo chake ni cha mbao na hakina amotisere hata moja. Lakini ubao wake uko karibu na ardhi, na mzigo mzito unalazwa chini kabisa. Ndiyo maana anaweza kuteremka na viazi kutoka upande wa Kibumba na kupinda kona bila kuanguka, isipokuwa kile kipande cha mpira anachotumia kama breki kikimshinda. Hajawahi kufikiri kwamba akiinua ubao wake atapinda vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe, maana kona inavunja watu siku moja, lakini resori ngumu inavunja watu kila siku na hakuna anayeandika ripoti.

Mwili wa mtu aliyekaa una mapigo yake unayoyachukia. Gari laini linacheza juu na chini kama mara 1 au 1 na nusu kwa sekunde. Mwili unavumilia, kwa kuwa si mbali na mwendo wa kutembea. Uti wa mgongo unateswa hasa na mtikiso wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Hapo kiwiliwili kinaongeza mtikiso badala ya kuupunguza, na vile visahani laini vilivyo kati ya pingili vinabanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, saa nzima. Kila chuma unachoongeza katika resori kinalisogeza gari kwenye mapigo hayo mabaya, na zaidi linapokwenda tupu. Nchi za Ulaya zilitunga sheria mwaka 2002 inayomlazimu mwajiri kupima mtikiso unaoingia mwilini mwa mfanyakazi na kuuwekea mpaka. Kwetu kipimo ni mfanyakazi mwenyewe, anayekuja Jumatatu kuomba vidonge vya mgongo.

Wengi wanaokuja hawakunyanyua kitu kizito. Walisafiri tu. Wengine walisafiri, wakashuka, na dakika ile ile wakabeba gunia. Hilo ni baya sana, kwani mgongo uliotikiswa saa nne umechoka kama mguu uliotembea saa nne. Ukishuka garini tembea kwanza, nyosha mwili, kunywa maji, halafu ushike mzigo. Mama mwenye mimba, ikiwa safari haina budi, akae mbele, au katikati ya gari kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, asikae juu ya ekseli ya nyuma ambako pigo ni kali kuliko pote. Na mtu yeyote ambaye baada ya safari miguu imelegea, au haisikii ngozi katikati ya mapaja, au mkojo unamtoka bila kujua au umekataa kutoka, asingoje kukanda kwa maji ya moto. Aletwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wakubwa wa kazi wanisamehe kwa neno ninalotaka kusema. Resori haziongezwi kwa sababu fundi anapenda kuziongeza. Zinaongezwa kwa sababu mzigo wa safari mbili unatakiwa uende kwa safari moja, na watu juu yake. Shofere akikataa anaitwa mvivu. Maadamu hesabu ni hiyo, kila gari tutakalonunua litaishia kukazwa na kuinuliwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inazitaka kampuni ziwe na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Naomba jambo hili liletwe katika komite yetu, na maoni yangu ni haya: gari lolote linalobeba wafanyakazi lisibadilishwe resori wala kimo bila karatasi ya mkubwa wa garaji, resori ikivunjika iwekwe ya aina ile ile, pande zote mbili, amotisere zipimwe kila gari linapobadilishiwa mafuta, na mzigo usafiri peke yake, watu peke yao. Kama mzigo wetu unahitaji kamyo, tununue kamyo. Itakuwa ghali. Najua pia bei ya mtu aliyevunjika shingo, kwa kuwa mimi ndiye ninayejaza karatasi zake na kumweleza mke wake.

Kwa wenye magari yao binafsi sina amri, nina ombi tu. Pesa ulizoweka kwa ajili ya kuinua gari, nunua amotisere nzuri, kisha mipira ya magurudumu isiyo na upara, kisha mikanda kama iliyopo imekatika. Ikibaki, mkarabati kiti. Sponji nene chini yako inafanya kazi kuliko unavyodhani. Shusha kile chuma cha mizigo kilicho juu ya paa siku ambazo hukihitaji.

Kuanzia mwezi huu, kila anayekuja dispanseri kwa maumivu ya mgongo au shingo nitamuuliza namba ya gari alilopanda mara ya mwisho, mahali alipokaa, na njia aliyopita. Msikasirike mkiulizwa. Nataka orodha hiyo iwe mezani siku komite itakapokutana, ili tujue ni magari gani yanatuletea wagonjwa.